Tumeacha vyakula vingi kwa wiki 7, sasa tunaogopa kuvirudisha

Swali: Mke wangu amesumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu. Linajaa gesi, linaunguruma, akila jioni halali vizuri, na choo leo chepesi kesho kigumu. Tuliamua kuacha pamoja ngano, maziwa, mayai, jamii yote ya kunde, vitunguu vya kila aina, matunda mengi na kahawa, ili asijione mpweke mezani. Sasa ni wiki ya 7. Yeye ametulia sana. Mimi sikuwa na tatizo na sioni tofauti, ila nimepungua kilo 4. Wiki iliyopita tulikwenda kwenye sherehe tukala kila kitu, na usiku ule ule tumbo lake likavurugika vibaya. Tangu hapo anaogopa kugusa chochote. Tuendelee hivi hivi? Na tukitaka kurudisha, tuanzie wapi?

Jibu: Msiendelee hivi hivi, na msirudishe kwa mtindo wa sherehe. Kuacha vyakula kwa namna hii ni kipimo, na kipimo kina mwisho wake: wiki 2 hadi 6 zinatosha kuona kama tumbo litatulia. Mfano wake ni nyumba yenye hitilafu ya umeme. Fundi huzima swichi zote, kisha huwasha moja moja hadi aone ni ipi inayoleta shida. Ninyi mmezizima zote, hitilafu ikatulia, halafu usiku wa sherehe mkaziwasha zote kwa mkupuo. Tumbo lilivurugika, lakini hakuna mtu anayeweza kusema ni kwa ajili ya mkate, maziwa, vitunguu, mafuta mengi, kula usiku sana au jumla ya vyote. Usiku ule haukuthibitisha chochote kuhusu chakula kimoja kimoja, kwa hiyo mkeo asiuchukue kama hukumu.

Nianze na wewe, maana jibu lako ni fupi. Nia ya kumsindikiza mwenzio ni njema, lakini mwili wako haukuwa na swali la kujibiwa. Acha leo. Rudisha mayai, maziwa na nafaka zako kama ulivyozoea, na jamii ya kunde uirudishe polepole kwa siku 7 hadi 10, ukianza na vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo. Baadhi ya bakteria wema wa utumbo mpana, hasa bifidobakteria, hupungua mtu anapokaa wiki nyingi bila vyakula vinavyowalisha. Ukipata gesi siku za mwanzo usiseme na wewe umekuwa mgonjwa wa maharage. Utumbo unazoea upya. Kuhusu zile kilo 4, zinaelezeka kwa kuwa ulipunguza vyakula vingi vyenye nguvu. Lakini kama baada ya wiki 3 au 4 za kula kawaida uzito bado unashuka, nenda hospitali ukapimwe, usiendelee kuulaumu mlo.

Kuacha kwako hakumwachi mkeo peke yake. Kwa hatua inayofuata anahitaji msaidizi ambaye hafanyi majaribio, na hapo ndipo kuwa wawili nyumbani kunapofaa kuliko kula sahani zinazofanana.

Mambo ya kumaliza kabla ya jaribio la kwanza

La kwanza ni seliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri au rai. Dalili zake hufanana sana na hizo za mkeo. Hupimwa kwa kipimo cha damu cha kingamwili, na hapa ndipo wengi hukosea: kipimo hicho hutegemea mtu awe anakula gluteni. Aliyeacha ngano kwa wiki 7 anaweza kupata jibu la "huna" ilhali anao. Kama mkeo hakupimwa kabla ya kuanza, zungumzeni na daktari sasa. Kwa kawaida ataambiwa ale ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 ndipo achukuliwe damu. Kipo pia kipimo cha vinasaba, ambacho hakihitaji kula gluteni. Kikionyesha hana vinasaba husika, seliaki karibu iondolewe kabisa kwenye orodha, ingawa kuwa navyo peke yake si ushahidi wa ugonjwa. Msilipuuze jambo hili. Mwenye seliaki huacha gluteni maisha yote, hadi chembe za mkate kwenye ubao wa kukatia, na hilo ni tofauti kabisa na mtu ambaye mkate mwingi humjaza gesi.

La pili ni mzio. Kama kuna chakula kilichowahi kumtoa vipele vya ghafla, kumvimbisha midomo au koo, kumbana pumzi au kumfanya azirai ndani ya dakika chache hadi saa 2, chakula hicho hakijaribiwi nyumbani kwa kipimo chochote, hata nusu kijiko. Hiyo ni kazi ya kliniki yenye dawa na watu waliofunzwa. Na vile vipimo vya damu vinavyouzwa kwa ahadi ya kukupa orodha ndefu ya "vyakula usivyovumilia" kwa kuangalia IgG, aina mojawapo ya kingamwili, msitupe fedha zenu huko. Kingamwili hizo huonyesha zaidi kwamba mtu amekula chakula hicho, na vyama vya wataalamu wa mzio vimekataa vitumike kutambua kutovumilia.

La tatu ni dalili ambazo haziachwi zisubiri daftari la vyakula: damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakomwamsha usingizini, au matatizo ya choo yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50. Mojawapo ikiwepo, daktari kwanza. Vivyo hivyo kama ni mjamzito, ana kisukari kinachotibiwa kwa dawa, au aliwahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula. Hapo msimamizi awe mtaalamu wa lishe.

Kwa nini orodha yenu ilikuwa pana kupita kiasi

Vyakula mlivyoacha vina sababu tofauti. Ngano, vitunguu, kunde, maziwa na matunda mengi vina sukari fupi ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji, kisha zinafika utumbo mpana ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walizikusanya chini ya jina FODMAP mwaka 2005, na mpangilio wa kuziacha na kuzirudisha ndio uliochunguzwa zaidi kwa matumbo ya aina hii. Mayai hayamo kabisa. Hayana sukari hizo, na kama hajawahi kupata mzio nayo, hayakuwa na sababu ya kuondolewa kwa tatizo la gesi. Yarudishwe kesho. Kahawa nayo haimo, ila huchochea utumbo kusukuma. Ipewe siku zake 3 peke yake, kikombe kimoja kwa siku, bila maziwa.

Mayai yakisharudi, kinachobaki ndio msingi: mchele, viazi mviringo, mahindi, nyama, samaki, kuku, mayai, karoti, mchicha, bilinganya, chungwa, ndizi ambayo haijaiva sana (iliyoiva hadi kuwa na madoa ina fruktani nyingi zaidi, ambayo ni mojawapo ya sukari hizo za FODMAP). Msingi huu haubadiliki mpaka majaribio yote yaishe.

Jinsi ya kujaribu

Kila jaribio huchukua siku 3 za kula na siku 3 za kupumzika. Chakula ni kimoja, kiasi kinapanda kila siku, na mlo uliobaki ni ule ule wa msingi. Maziwa: mililita 60 siku ya kwanza, 125 ya pili, 250 ya tatu. Kikombe hicho cha mwisho kina takriban gramu 12 za laktosi (sukari ya maziwa), kiasi ambacho hata wengi wasioimeng'enya vizuri hukimudu kwa mara moja. Dengu au maharage yaliyopikwa: vijiko 2 vya chakula, robo kikombe, nusu kikombe. Asali, kwa ajili ya fruktosi (sukari ya asali na matunda): kijiko 1 cha chai, viwili, kisha kijiko 1 cha chakula. Viazi vitamu, kwa ajili ya manitoli (nyingine katika sukari za FODMAP): nusu kikombe, robo tatu, kikombe kizima. Mkate wa ngano: kipande 1, viwili, vitatu. Kitunguu maji kilichopikwa: kijiko 1 cha chakula, viwili, nusu kitunguu. Kitunguu saumu: robo punje, nusu, punje nzima.

Chagueni chakula chenye sukari ya kundi moja. Tufaha, kwa mfano, ni jaribio baya, kwa sababu lina fruktosi ya ziada pamoja na sobitoli, ndugu yake manitoli. Likimvuruga hamtajua ni ipi. Kitunguu maji, kitunguu saumu na mkate vyote vina fruktani, lakini kila kimoja kijaribiwe kivyake kwa kuwa viwango vinatofautiana sana na watu huvumilia kimoja wakashindwa kingine.

Ningeanza na maziwa, halafu kunde. Vina lishe nyingi, na kuvikosa ndiko kunakogharimu mwili zaidi. Vitunguu viwe mwisho. Ndivyo vinavyoshinda wengi, na mtu mwenye hofu akianza kwa kushindwa, hataendelea.

Dalili zikitokea siku ya pili, aishie hapo, asipande hadi ya tatu kwa ujasiri. Andikeni kiasi, subirini tumbo lirudi kwenye hali ya kawaida hata kama ni siku 4 au 5, kisha mwende kwenye chakula kinachofuata. Na hata chakula kilichofaulu hakiingii kwenye mlo wa kila siku bado. Hili ndilo watu hulivunja mara nyingi. Maziwa yamefaulu, yanarudi kila asubuhi. Wiki inayofuata dengu zinaonekana zimeshindwa, kumbe ni jumla ya laktosi na dengu. Sukari hizi hujumlishana kwenye utumbo mmoja.

Siku chache kabla ya hedhi na siku zake za mwanzo msianze jaribio. Wanawake wengi hupata gesi na kuharisha kipindi hicho bila chakula chochote kuhusika, na jaribio la siku hizo litakidhulumu chakula kisicho na hatia.

Daftari liwe fupi ili lijazwe kweli: saa na kiasi cha chakula, gesi na maumivu kwa alama 0 hadi 10, aina ya choo, usingizi, siku ya hedhi, dawa. Aina ya choo tumieni kipimo cha Bristol chenye namba 1 hadi 7, ambapo 1 ni vigololi vigumu na 7 ni maji matupu. Aandike mara mbili tu, asubuhi na kabla ya kulala. Wewe usimuulize kila saa tumbo linasemaje. Anayeulizwa kila saa atalisikiliza tumbo kila saa, na tumbo lolote likisikilizwa hivyo lina la kusema.

Hofu nayo huvuruga tumbo

Mkeo anaogopa, na hofu hiyo ina nguvu halisi. Mtu anayetarajia maumivu huyapata hata akila kisicho na kitu, na maumivu hayo si ya uongo. Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa neva na homoni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Norway wa watu 59 waliokuwa wameacha gluteni wenyewe bila kuwa na seliaki. Walipewa vipande vya nafaka vyenye gluteni, vyenye fruktani au visivyo na chochote kati ya hivyo, bila kujua ni vipi. Kwa wastani fruktani ndiyo iliyowasumbua zaidi. Gluteni haikutofautika na kile kisicho na kitu. Watu hawa walikuwa wameilaumu gluteni kwa muda mrefu.

Jaribio la namna hiyo mnaweza kulifanya kwa maziwa, kwa sababu ninyi ni wawili. Nunueni maziwa ya kawaida na yale yasiyo na laktosi. Yasiyo na laktosi ni matamu zaidi, maana laktosi imeshavunjwa kuwa glukosi na galaktosi, kwa hiyo ongeza sukari kidogo kwenye ya kawaida na kijiko cha kakao kwenye yote mawili, uonje mwenyewe hadi usitofautishe. Rusha sarafu kuamua yapi yatangulie, andika jibu kwenye karatasi, ikunje uifiche. Mpe aina moja siku 3 kwa viwango vilevile vya hapo juu, pumzikeni siku 3, kisha aina ya pili siku 3. Mwekee kikombe mezani uondoke, kwa sababu uso wako utamwambia. Karatasi ifunguliwe baada ya yeye kuandika ni kipindi kipi kilimsumbua. Akivurugika vipindi vyote viwili, laktosi si mshtakiwa. Asipovurugika popote, maziwa yamefaulu. Tofauti ikiwa ndogo, rudieni kwa sarafu mpya.

Lakini hilo hufanyika kwa makubaliano tu. Kumchanganyia mtu chakula kwa siri ili "umthibitishie" kwamba ni mawazo yake ni kumvunjia imani, na atakuwa na haki ya kutokula tena kutoka mkononi mwako. Kwa vitunguu jaribio hili halifai, harufu haifichiki.

Sufuria moja, sahani mbili

Sasa wewe unakula vitunguu na yeye hali. Hamhitaji kupika mara mbili. Pikeni chakula cha msingi bila kitunguu, mgawanye, kisha kaanga kitunguu chako kwenye kikaango kidogo ukimimine juu ya sahani yako. Msipike mchuzi na vitunguu vizima mkidhani mtavitoa mwishoni: fruktani huyeyuka kwenye maji, na ukitoa kitunguu, sukari yake imebaki kwenye mchuzi. Kwenye mafuta haiyeyuki. Kwa hiyo punje za kitunguu saumu zikikaangwa kwenye mafuta matupu na kuondolewa zote kabla ya kuweka kitu chenye maji, yeye anapata harufu na ladha bila fruktani. Mafuta hayo yatumike mlo huohuo. Mafuta ya kitunguu saumu ya nyumbani yakiwekwa kabatini yanaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, ambayo haionekani wala hainuki. Majani mabichi ya vitunguu, sehemu ya kijani pekee, nayo anaweza kuyatumia.

Someni vifungashio. Unga wa kitunguu hujificha kwenye vidonge vya supu, viungo vilivyochanganywa, soseji na sosi. Inulini, ambayo ni aina ya fruktani, huongezwa kwenye bidhaa zinazosifiwa kwa nyuzinyuzi. Pipi na ubani "bila sukari" huwa na sobitoli au zilitoli. Ukiona mkeo amevurugika siku ya mapumziko, tafuteni huko kwanza.

Jamii ya kunde ina njia yake ya kupunguzwa ukali. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya na kuyamwaga pia. Za kopo zisuuzwe vizuri. Sehemu ya sukari zake hutoka na maji hayo.

Kusoma majibu

Jibu halitakuwa "ndiyo" au "hapana", litakuwa kiasi. Huenda akamudu kijiko cha kitunguu kwenye chungu cha watu wanne na akashindwa nusu kitunguu. Huenda vipande viwili vya mkate asubuhi ni salama, lakini vikikutana na dengu mchana siku ileile linakuwa jambo jingine. Mkate na kitunguu vikimvuruga kwa namna moja, na seliaki imeshaondolewa na daktari, mshukiwa ni fruktani, kwa sababu kitunguu hakina gluteni. Hapo haina haja ya kuogopa kila tone la sosi lenye ngano. Anahitaji kupunguza kiasi tu.

Akila kitu kwa bahati mbaya katikati, msianze upya kutoka sifuri. Subirini dalili ziishe, kisha endeleeni mlipoishia.

Kwa muda wote huu, aliyeacha maziwa atafute kalsiamu kwingine. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe cha maziwa hutoa kama 300. Maziwa yasiyo na laktosi yana kalsiamu ileile, jibini ngumu ina laktosi kidogo sana, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa ni chanzo kizuri. Choo kikianza kuwa kigumu, ni kwamba nyuzinyuzi zimepungua: oti, viazi pamoja na ganda lake na machungwa vitasaidia, pamoja na maji.

Majaribio saba kwa mwendo huu yatachukua wiki 6 hadi 8. Baada ya hapo vyote vilivyofaulu virudi mezani, kimoja kila siku 2 au 3, na vilivyoshindwa virudi kwa kiasi kile kilichokuwa chini ya dalili. Kilichoshindwa kabisa kijaribiwe tena baada ya miezi 3, kwa kiasi kidogo zaidi. Uvumilivu wa utumbo hubadilika, na kitunguu kilichokataliwa leo si lazima kikataliwe wakati huo.